Ukuta unaobeba na nguzo inayobeba: mwongozo wa mwashi wa Lamu

Mtu akitaka kujenga, swali la kwanza analoniletea ni mawe mangapi na bei gani. Mimi humrudishia swali: mzigo wako unashukia wapi? Dari, paa, tangi la maji lililopandishwa juu, watu wa harusi waliojaa barazani ghorofani, vyote vina uzito, na uzito huo utateremka mpaka ardhini kwa kupitia ukutani au kwa kupitia nguzoni. Ukishalijua hilo, kuchagua jiwe si kazi. Usipolijua, hata mawe bora ya machimbo ya Maweni hayatakufaa kitu.

Mimi ni mwashi wa Langoni, Lamu, na kazi hunipeleka Malindi mara kwa mara. Haya nawaandikia wenye nyumba wanaotaka kumwelewa fundi wao, na vijana wanaoanza kushika mwiko. Nyumba ya kupanda juu ni ya injinia kwanza, fundi baadaye. Hilo silirudii.

Jua ukuta upi unabeba

Nyumba za kale za mjini Lamu karibu hazina nguzo ndani. Kuta ndizo nguzo. Unene wake ni sentimita 45 hadi 50, mawe na chokaa tupu, na juu yake zimelazwa boriti za mkoko. Boriti haivuki salama zaidi ya mita 2.8 hivi, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, ukiingia ni kama uko ndani ya jahazi.

Sasa mtu ananunua nyumba mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, anataka sebule pana ya kuweka makochi, anamwambia fundi avunje ukuta wa katikati. Ngoja kwanza. Inua macho utazame boriti zinaelekea wapi. Ukuta unaopokea ncha za boriti unabeba. Ukuta unaokwenda sambamba na boriti huenda ukawa wa kugawa vyumba tu, lakini panda juu uhakikishe hakuna ukuta mwingine uliokaa mgongoni mwake. Gonga pia kwa nyundo: ukuta mwembamba wa kugawa hulia, ukuta wa kubeba hukurudishia mkono.

Ukuta wa kubeba unaweza kutobolewa mlango, ila kwa utaratibu: dari iegemezwe kwanza, linta, yaani boriti fupi ya juu ya mlango, iingizwe, ndipo mawe ya chini yatolewe. Na mlango usikaribie pembe ya nyumba. Mimi huacha angalau sentimita 60 za ukuta mzima kati ya mlango na pembe, kwa sababu pembe ndiyo inayozishika kuta mbili zisiachane.

Mtu mwingine wa kumchunga ni fundi bomba. Huyu huja na patasi wakati mwashi ameshalipwa na kwenda zake. Mfereji wa bomba unaokwenda wima usiingie zaidi ya theluthi ya unene wa ukuta. Unaokwenda mlalo usizidi sehemu moja ya sita, maana huo unakata ukuta kiunoni. Kwenye ukuta wa inchi 6 hiyo ni inchi moja tu, kwa hiyo mwambie apitishe bomba lake sakafuni au nje.

Mawe yenyewe

Pwani yetu jiwe karibu lote ni tumbawe la zamani, la wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Lakini hayalingani hata kidogo.

Kuna mawe magumu ya nchi kavu yasiyo na umbo, yanayong'olewa kwa mtaimbo na kuvunjwa kwa nyundo. Haya ndiyo yaliyojenga mji wa kale wa Lamu, na ndiyo yaliyojenga Gede, mji wa kale karibu na Malindi. Yanafaa msingi na kuta nene. Hayafai ukuta mwembamba, kwa sababu huwezi kupanga mawe ya maumbo ishirini katika inchi 6 na ukapata ukuta.

Kuna matumbawe mepesi yaliyokuwa yakitolewa baharini, laini yakiwa mabichi na magumu yakikauka. Mafundi wa zamani waliyachonga yakiwa bado na maji wakatengeneza zidaka, mihirabu na nakshi za milango. Usiyatafute leo. Mwamba hai ndio nyumba ya samaki na ndio unaozuia mawimbi yasile ufuo. Ukikarabati, okota vipande vilivyoanguka katika nyumba hiyohiyo uvirudishe.

Halafu kuna mawe ya kukata, yale ya mraba. Lamu tunayapata Maweni, kisiwani Manda, yanavuka kwa mashua. Malindi yanakuja kwa lori kutoka machimbo ya bara. Unene ni inchi 6 au inchi 9. Kwa ukuta wa kubeba nunua ya inchi 9. Ya inchi 6 yaache kwa vyumba vya ndani na nyumba ndogo isiyo na ghorofa.

Usilipie mawe kwa kuyatazama tu. Okota mawili uyagonganishe: jiwe zuri lina mlio, jiwe bovu linasema "pu" na kudondosha unga. Likune kwa msumari. Likikunika kama chaki, lirudishe. Tazama mashimo yake pia. Jiwe la tumbawe lina matundu kwa asili yake, hilo si kosa, ila tundu lililojaa mchanga mlegevu litakuachia pengo siku ya mvua. Na katika lori moja utapata mawe ya tabaka la juu na ya tabaka la chini yamechanganywa, basi pima kutoka pande zote za lori, si yale ya mlangoni aliyokupangia muuzaji.

Bloku za simiti ni sawa kama unamjua anayezifyatua. Nyingi huuzwa zikiwa na siku chache tu, hazijamwagiwa maji ya kutosha, pembe zinamomonyoka ukizishika. Nyumba ya udongo na fito ni habari nyingine: pale udongo haubebi chochote, miti ndiyo inayobeba, udongo unajaza.

Chokaa au simiti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba nyingi za Lamu zinauawa hapa.

Chokaa yetu ni tumbawe lililochomwa kwa kuni kwenye tanuu, likazimwa kwa maji, likaachwa lilale. Kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa nyororo. Mchanganyiko wa kujengea ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Inakaza polepole kwa kunywa hewa, miezi kwa miezi, na hata ikikaza inabaki na ulaini kidogo. Ukuta ukicheza, chokaa inacheza nayo. Unyevu ukipanda kutoka chini, chokaa inauachia utoke.

Simiti haina tabia hiyo. Inakaza haraka na inafunga. Ukiupiga ukuta wa kale plasta ya simiti, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, vinatafuta njia, na baada ya misimu michache plasta inavimba na kuanguka mapande mapande ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Mwenye nyumba anadhani simiti ilikuwa kidogo, anaongeza. Nimeona ukuta uliopigwa plasta ya simiti juu ya nyingine, na nyuma yake mawe yamekuwa unga.

Kwa hiyo: ukuta wa kale wa chokaa urekebishwe kwa chokaa, kujenga na kupaka. Ukuta mpya wa mawe ya kukata ujenge kwa simiti ukitaka, moja kwa mchanga nne au tano, haina neno. Anayedhani chokaa ni dhaifu aende Malindi akaitazame nguzo ya kaburi kando ya Msikiti wa Juma. Ni ya karne ya 15, mawe na chokaa, haina nondo hata moja, na upepo wa bahari unaipiga kila siku. Kule Gede mji ulihamwa tangu karne ya 17. Boriti zimeoza, dari zimeanguka, kuta nyingi bado zimesimama.

Chokaa inachoma macho na ngozi. Anayeizima ajifunge kitambaa na asiinamie shimo.

Mchanga. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usiuchanganye na kitu chochote chenye nondo. Uonje ulimini, utajua. Malindi watu huchukua mchanga wa mto Sabaki, na huo ni mzuri ukiwa hauna tope: tia konzi kadhaa ndani ya chupa ya maji, tikisa, uache utulie, kisha tazama tabaka la tope juu ya mchanga. Likiwa jembamba sawa, likiwa nene mchanga huo uoshwe au uachwe. Kwa Lamu, vilima vya mchanga vya Shela visiguswe hata kama muuzaji anakuapia kuwa ana ruhusa, maana ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu. Na maji ya kuchanganyia yawe matamu pia. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na fundi mvivu hachoti mbali.

Kupandisha ukuta

Lowesha mawe kabla ya kuyajenga. Tumbawe lina kiu, likikauka hunywa maji ya simiti na kukuachia unga kwenye mshono. Anza na pembe, funga kamba, jaza katikati. Mshono uwe kama sentimita moja hadi moja na nusu, na mishono ya kozi moja, yaani safu moja ya mawe, isilingane wima na ya kozi iliyo chini yake. Kwenye ukuta mpya wa simiti weka utepe wa bati kila baada ya kozi mbili, pembeni zaidi.

Kwa mawe yasiyo na umbo siri iko kwenye jiwe la kufunga, lile refu linalolala kukingama ukuta kutoka uso wa nje mpaka wa ndani. Fundi wa haraka hujenga nyuso mbili nzuri na katikati akamimina kokoto na vumbi. Ukuta huo kwa macho ni mmoja, kwa kweli ni kuta mbili nyembamba zilizosimama karibu karibu, na siku moja zitaachana tumbo. Dai angalau jiwe moja la kufunga katika kila mita moja ya mraba, na katikati yajazwe mawe madogo yaliyolala ndani ya chokaa. Usipandishe ukuta wa chokaa juu sana kwa siku moja. Mimi huishia magotini nikahamia upande mwingine.

Ukuta wa ua, mrefu na mwembamba, hauna dari ya kuushika. Upe nguzo ya ukutani kila mita 3, yaani mahali ukuta unanenepa kwa jiwe zima lililofumwa na kozi zake. Nguzo iliyobandikwa baadaye bila kufumwa ni pambo.

Nguzo ya mawe

Kwa baraza ya chini yenye paa jepesi, nguzo ya mawe bado ni nzuri, na haiogopi kutu. Upana wangu wa chini ni sentimita 45 kila upande, na urefu hauzidi mara nane ya upana huo. Kozi moja panga mawe yakitazama kaskazini na kusini, ya pili mashariki na magharibi, ili kila kozi iufunge mshono wa iliyo chini. Katikati pasiwe na tundu. Timazi iangushwe kwenye nyuso mbili zinazopakana, si uso mmoja, kwa sababu nguzo inaweza kuwa wima ukiitazama kutoka mlangoni na imelala ukiitazama kutoka uani.

Juu yake weka jiwe bapa moja zima au kitako cha zege, ili boriti isikalie ukingo wa nguzo. Mzigo ukikaa ukingoni, upande mmoja unapondwa na mwingine haufanyi kazi yoyote.

Nguzo ya zege

Hii ndiyo inayojengwa kila mahali siku hizi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kando ya bahari. Kuna nyumba ya wageni Malindi niliyoitwa nikatazame baraza yake. Nguzo zilikuwa zimepasuka mistari mirefu wima, kwenye pembe zote nne, kama zimechorwa kwa rula. Nilipogonga, pembe ilidondoka kipande cha mkono mzima, na ndani nondo imevimba kwa kutu, nyekundu, inang'oka kwa magamba. Nilipima zege iliyokuwa imeifunika: haikufika sentimita 2. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana zege inapasuliwa kutoka ndani. Wenyewe walikuwa wakiziba nyufa na kupaka rangi kila msimu wa wageni.

Fanya hivi. Chimba mpaka ardhi ngumu, si mpaka urefu uliozoea. Kwa baraza ya kawaida mwaga kitako cha mita 1 kwa mita 1, unene sentimita 30, chenye wavu wa nondo chini. Kutoka hapo zisimame nondo nne za milimita 12 zilizokunjwa miguu ndani ya kitako. Ukiunganisha nondo, zipitane sentimita 60. Ringi, yaani pete za chuma zinazozifunga nondo, za milimita 8 ziwe kila sentimita 15, na karibu na kitako na karibu na boriti ya juu uzisogeze ziwe kila sentimita 10. Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya nguzo.

Halafu biskuti, vile vijiwe vya zege vinavyofungwa kwenye nondo ili isiguse boksi, yaani mbao za kumiminia zege. Kando ya bahari nataka sentimita 5 za zege juu ya chuma, pande zote. Hapa ndipo ugomvi wangu na mafundi wengi. Wanapenda nguzo ya inchi 9 ili ilingane na ukuta. Toa sentimita 5 kila upande, zinabaki sentimita 13 za kupanga nondo na ringi, kokoto haipiti, zege inaacha mapango. Basi wanachofanya ni kupunguza biskuti. Mimi hufanya nguzo ya inchi 12 na kuiacha itokeze. Mwenye nyumba akinung'unika kuwa haipendezi, namwambia tutaipiga nakshi.

Zege ya nguzo: simiti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, kwa debe au sanduku la kupimia, si kwa koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana hayalingani. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na kama mchanga umelowa mvua upunguze. Vibarua watataka kuongeza maji ili zege iteremke yenyewe. Kataa. Mimina kidogo kidogo, chokonoa kwa nondo na gonga boksi kwa nyundo ya mpira mpaka mapovu yaishe, tena usimwage kutoka juu zaidi ya mita moja na nusu, kokoto zitatangulia na uji utabaki juu.

Boksi la nguzo unaweza kulifungua baada ya siku mbili. Kisha izungushie magunia uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 kwa uchache, 14 ni bora. Jua letu hukausha zege kabla haijakomaa, na zege iliyokauka si zege iliyokaza. Propu za dari, zile nguzo za muda zinazoiegemeza, usiziguse kabla ya wiki tatu.

Na nguzo ya juu ikae juu ya nguzo ya chini. Ukiona mchoro una nguzo ya ghorofani iliyosimama katikati ya dari, rudi kwa injinia.

Nguzo za miti chini ya makuti

Malindi kila mtu anataka banda la makuti. Nguzo huwa za mkoko mnene au mvinje. Usizifukie ardhini, mchwa na unyevu hukutana pale mti unapotoka udongoni na kuukata hapohapo. Simamisha kigutu cha zege kitokeze sentimita 30 juu ya ardhi, weka kiatu cha chuma kilichopigwa mabati, ufunge mti kwa bolti. Paa la makuti ni jepesi, kwa hiyo mzigo wa hatari ni upepo unaolinyanyua. Nguzo hapo inavuta kuliko kubeba: kigutu kiwe kizito na bolti zipenye mti mzima. Na mikoko inunuliwe kwa mwenye kibali cha Huduma ya Misitu.

Kubadilisha boriti iliyooza

Ncha iliyo ndani ya ukuta ndiyo huoza kwanza. Badilisha moja moja. Laza ubao chini ya boriti za jirani, usimamishe propu kila mita moja, zikaze kwa kabari zinazoingia kutoka pande mbili, na mguu wa propu ukae juu ya ubao, si juu ya sakafu tupu. Kama uko ghorofani, propu nyingine ziwe chini yako, ghorofa ya chini, mahali palepale, mpaka ardhini. Boriti mpya iingie ukutani sentimita 20, ilazwe kwenye chokaa, na pembeni iachiwe upenyo wa hewa. Kuifungia kwa simiti ni kuiozesha upya.

Ndani ya mji wa kale wa Lamu, ambao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kabla ya kugusa ukuta au kubadilisha sura ya nyumba peleka mchoro kwa ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Watakuuliza chokaa, watakuuliza boriti. Na unapopiga hesabu ya mawe, piga na ya punda: kutoka gatini mpaka nyumba ya ndani vichochoroni kila jiwe na kila mfuko wa mchanga unapanda mgongoni, na mwenye punda anatoza kwa safari. Agiza mchanga upimwe ukiwa umeshafika mlangoni.